Behewa la tangi lililobeba jina lisilo lake: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilitokea katika makumbusho madogo ya reli, kwenye mji mmoja wa Marekani upande wa Maziwa Makuu. Nimeficha jina la makumbusho, la mji, la mfadhili na la kiwanda. Namba ya behewa nimeiacha nje kabisa, kwa sababu wanaofuatilia mambo haya wangelitambua kwa namba hiyo peke yake. Yaliyobaki nimeyaandika kama yalivyokwenda, pamoja na asubuhi tuliyoharibu ushahidi kwa mikono yetu wenyewe.

Mimi nilikulia Lushoto, ambako reli ilikuwa chini kule Mombo, na mjomba wangu alifanya kazi ya stesheni. Nilipohamia Marekani nilianza kujitolea kwenye makumbusho haya siku za Jumamosi. Nililetewa kazi hii kwa sababu nilikuwa nimezoea kusoma nyaraka za kale, wala si kwa sababu nilikuwa nikijua mabehewa.

Usuli

Uani mwa makumbusho lilikuwapo behewa moja la tangi: silinda ya chuma iliyolazwa, kuba moja katikati ya mgongo wake, mabamba yameungwa kwa ribiti, na chini boji mbili za magurudumu manne kila moja. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha na ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu jina la kampuni moja mashuhuri ya petroli. Kibao mbele yake kilisema: behewa la petroli, 1917, lilihudumu katika Vita Kuu ya Kwanza.

Nani aliandika kibao hicho? Hakuna aliyekumbuka. Faili la makumbusho lilikuwa na karatasi moja tu, barua ya miaka ya 1980 ya kiwanda cha sabuni kilichokuwa jirani, ikisema kinatoa behewa hilo bure ili mradi waliochukua wagharimie kuliondoa. Kiwanda kilikuwa kimelitumia kwa miaka mingi kama pipa la kuhifadhia, limesimama kwenye kipande cha reli kisichokwenda popote.

Mabehewa ya aina hii yana historia ndefu kule. Kisima cha Drake kilichimbwa Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, na mafuta yakawa mengi kuliko mapipa ya kuyabebea. Mwaka 1865 ndugu wawili, James na Amos Densmore, waliweka matangi mawili ya mbao yaliyosimama wima juu ya behewa bapa, na mwaka uliofuata wakapata hataza. Matangi hayo yalivuja na behewa lilielemewa juu, kwa hiyo haukupita muda mrefu wajenzi wakaanza kulaza silinda ya chuma mfano wa boila. Umbo hilo ndilo linaloonekana relini hadi leo.

Jambo la kuelewa kabla hatujaingia kwenye kisa ni umiliki. Matangi mengi ya Marekani hayakuwa mali ya kampuni za reli. Yalikuwa mali ya watu wenye mzigo, au ya kampuni zilizonunua mabehewa ili kuyakodisha. Ndiyo maana alama ya mmiliki iliyoandikwa ubavuni huishia na herufi X: UTLX ya Union Tank, kampuni iliyotengana na Standard Oil, jitu la biashara ya mafuta, baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1911, GATX ya General American, SHPX ya Shippers' Car Line, SDRX ya kampuni ya Sinclair. X hiyo inasema mwenye behewa si shirika la reli. Lakini haisemi nani aliyelikodi, wala lilikuwa na nini tumboni. Behewa moja lingeweza kubeba petroli mwaka huu, na baada ya kusafishwa likabeba kitu kingine kabisa kwa mwingine aliyelikodi.

Swali lililoletwa mezani

Rangi ya fedha ilikuwa imeanza kubanduka. Mzee mmoja wa mji alijitolea kulipia rangi mpya. Babu yake aliuza mafuta ya kampuni ile ya petroli, na alitaka jina liandikwe upya, kubwa zaidi na lenye kung'aa. Bodi ilifurahi. Fedha za namna hiyo haziji kila mwaka, na mimi pia nilifurahi.

Kisha mjumbe mmoja wa bodi, mwalimu mstaafu, akauliza swali lililobadilisha kila kitu: je, tuna hakika kwamba behewa hili liliwahi kuwa la kampuni hiyo? Kimya kikatanda. Nikapewa miezi mitatu nilete jibu.

Yaliyofuata

Tulianza vibaya. Jumamosi ya kwanza kabisa, kabla sijapiga hata picha, vijana wawili wenye nia njema walishika mashine ya kukwangua na kuanza kusafisha ubavu wa kulia ili "tuone kuna nini chini". Nilipofika, ukanda wa urefu wa mita 3 hivi ulikuwa uking'aa chuma kitupu. Vumbi lilikuwa limetanda kwenye nyasi. Tulisimamisha kazi papo hapo, na kipimo tulichofanya baadaye kilionyesha kuwa rangi za chini zilikuwa na risasi. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili kwa mpigo: afya za wale vijana, na maandishi ya ukanda ule yaliyopotea moja kwa moja. Maandishi ya pande mbili za behewa huwa karibu sawa, na hilo ndilo lililotuokoa. Ubavu wa kushoto ulikuwa haujaguswa.

Tangu siku hiyo tulikubaliana mambo mawili. Hakuna kukwangua hadi picha ziwe zimepigwa, na hakuna kuingia ndani ya tangi kwa sababu yoyote ile. Mtu mmoja alitaka kushuka kupitia kubani ili apime kwa ndani. Nilimkatalia. Kutu inayoendelea kula chuma ndani ya tangi lililofungwa hula pia oksijeni ya hewa iliyomo, na mtu huanguka kabla hajajua kwamba kuna shida.

*Mwaka 1917 ulitoka wapi.* Hili lilikuwa rahisi. Nililala kifudifudi na tochi, nikaangalia boji. Kwenye fremu ya pembeni ya boji moja, chuma cha kusubu, mlikuwa na tarehe iliyosubiwa humo humo: 1917. Boji ya pili ilikuwa ya muundo tofauti kabisa. Basi nikaelewa. Zamani mtu alilala pale pale nilipolala, akaona mwaka huo, akaupeleka kwenye kibao. Vita vya Kwanza viliongezwa kwa sababu mwaka uliviruhusu.

Lakini boji ni kama viatu. Huvaliwa zikachakaa, zikabadilishwa karakanani kwa nyingine zilizopo. Behewa lenye boji mbili zisizofanana limeshabadilishiwa angalau moja. Tarehe ya boji inatueleza umri wa boji, basi.

*Usiku wa tochi.* Kwa ubavu wa kushoto tulingoja giza liingie. Tochi ikibanwa karibu na chuma, mwanga ukateleza juu ya uso badala ya kuupiga mbele, kila mwinuko mdogo wa rangi hutupa kivuli. Herufi za zamani zilipakwa kwa rangi nyeupe nzito, na hata zikifunikwa kwa tabaka tatu nne bado hubaki zimeinuka. Nilikuwa nimeshika tochi, mwenzangu kamera juu ya miguu mitatu. Tulisogea sentimita 30 kwa sentimita 30 kama watu wanaotafuta sindano mkekani.

Mnamo saa tatu ya usiku herufi ya kwanza ikatokea, nayo ilikuwa X. Niliita kwa sauti kama mtoto. Kabla yake mlikuwa na herufi tatu, na baada yake namba ya tarakimu tano ambayo moja, ya nne, haikusomeka vizuri: ilikuwa 3 au 8. Herufi zile nne hazikuwa za kampuni ya petroli iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Zilikuwa za kampuni ya kukodisha mabehewa.

Kuelekea mwisho wa kulia wa ubavu, chini, yakaonekana maandishi madogo ya stensili: tangi limepimwa kwa pauni 60 kwa inchi ya mraba, vali ya usalama kwa pauni 25, na tarehe 6-52. Na juu ya hayo, herufi nne peke yake: ABLE.

Hapo tulijikwaa. Mwenzangu alisema bila kusita, "INFLAMMABLE", yaani kinachoshika moto. Nami nikakubali, nikaandika hivyo kwenye daftari. Neno hilo lilitupeleka moja kwa moja kwenye petroli, na kwa wiki mbili tulidhani kwamba mfadhili alikuwa na haki japo nusu.

*Ngazi ya rangi.* Mahali padogo, ukubwa wa sarafu, nilisugua kwa msasa mwembamba taratibu hadi matabaka yakajitokeza kama pete za mti. Juu kabisa fedha, chini yake praima, kisha fedha nyingine, kisha kijani kilichofifia, kisha nyeusi, nyeusi, nyeusi. Tulirudia mahali pengine kwenye ukingo wa herufi nyekundu. Nyekundu ilikuwa juu ya fedha ya mwisho tu. Jina la kampuni ya petroli lilipakwa hapo hapo uani kwetu, na watu wa makumbusho, pengine kwa kunakili picha ya behewa jingine walilolipenda. Siku zote behewa lilipokuwa kazini relini lilikuwa jeusi.

*Chapa kichwani.* Maandishi ya rangi hufutika, lakini kanuni ziliwataka wajenzi wapige chapa kwenye chuma chenyewe, karibu na katikati ya vichwa vya tangi, yaani miisho yake miwili, kwa herufi za kimo cha karibu sentimita 1. Tulijua pa kutafuta. Kwenye kichwa cha upande wa breki ya mkono, ambao wenyewe huuita mwisho B, tulipaka dawa ya kulainisha rangi kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, tukasubiri, tukatoa kwa kijiti cha mbao na brashi ya nailoni. Rangi ilitoka kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake chuma kilikuwa cha kijivu, safi, na juu yake: ICC 103. Mstari wa chini: herufi za mjenzi, American Car and Foundry. Halafu 7-29, yaani Julai 1929, tarehe tangi lilipopimwa mara ya kwanza.

Hapa nieleze kidogo, kwa kuwa mstari huo mfupi ulibeba uzito kuliko nyaraka zote. Chama cha wajenzi wa mabehewa kiliweka kanuni za kwanza za matangi mwaka 1903, na mwaka 1917 likaja daraja la III lililotumika kwa mizigo ya kawaida. Namba za mfano wa ICC 103 zilikuja 1927, zikitolewa na Interstate Commerce Commission, tume ya serikali iliyosimamia biashara kati ya majimbo. Kwa hiyo tangi lenye chapa ya ICC 103 haliwezi kuwa la 1917. Hata tarehe ingekuwa imefutika, namba ya kanuni peke yake ingetosha kukiangusha kile kibao. Na baadaye, tangi la kuchomelea badala ya ribiti lingeandikwa 103-W. Hili halikuwa na W, na ribiti zake tulizihesabu.

American Car and Foundry iliundwa 1899, na matangi yake ilikuwa ikiyajenga Milton, Pennsylvania. Miundo yake iliitwa kwa mwaka: Type 11, Type 17, Type 21, Type 27. Vipimo vyetu tulivilinganisha na michoro iliyochapishwa ya Type 27, na mpangilio wa mabamba, kimo cha kuba na fremu ya chini vikakubaliana. Atakayetaka picha za karakana hiyo aanzie St. Louis, kwenye maktaba ya reli ya Barriger iliyo ndani ya St. Louis Mercantile Library.

Breki nazo zilitupa mwisho mwingine wa kamba. Silinda na vali zilikuwa za mfumo wa AB, ambao mabehewa mapya yalianza kulazimishwa kuwa nao 1933. Behewa la 1929 halikuzaliwa nao. Mtu aliligharimia breki mpya, maana yake liliendelea kuzunguka nchi nzima miaka mingi baada ya kujengwa.

*3 au 8?* Tulikuwa na namba mbili zinazowezekana. Kitabu kinachoitwa Official Railway Equipment Register huorodhesha mabehewa yote kwa mmiliki na kwa mfululizo wa namba, na toleo la miaka ya 1950 lilionyesha kwamba namba zetu mbili ziko kwenye mifululizo miwili tofauti ya kampuni ile ile: mmoja wa matangi ya galoni 8,000, mwingine wa galoni 10,000. Kwa macho huwezi kuyatofautisha kirahisi, kwa sababu urefu wa matangi hayo unakaribiana sana. Tofauti iko kwenye unene wa tumbo.

Tukazungusha utepe. Mzingo ulikuwa mita 6.25, kipenyo basi karibu mita 1.99 kwa nje. Urefu wa tangi mita 9.8 hivi. Ukitoa unene wa bamba unapata lita 30,000 kasoro kidogo, na vichwa vilivyotuna vinajazia pengo. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785. Jibu: galoni 8,000. Tarakimu ilikuwa 3.

Sikutaka kuishia hapo. Nauli ya mafuta ilihesabiwa kwa ujazo, kwa hiyo vilichapishwa vitabu vya viwango vilivyoonyesha galoni halisi za kila tangi, moja moja, kwa namba yake. Mbele ya namba yetu palikuwa na idadi ya galoni iliyolingana na stensili iliyobaki kichwani, tarakimu kwa tarakimu. Nilikaa nikaangalia ule mstari muda mrefu.

*ABLE.* Aliyetuondoa kwenye kosa hakuwa msomaji wa vitabu. Ni fundi wa kuchomelea kutoka Lubumbashi, anayekuja kutusaidia siku asizokuwa kazini. Alikuwa chini ya tangi akikagua kutu, akaniita: "Yaya, kuja uone. Hii sudire si ya zamani sawa na tangi." Kwao "yaya" ni ndugu mkubwa, na "sudire" ni kazi ya kuchomelea. Alionyesha midomo miwili ya mabomba iliyotokeza chini, karibu na vali ya kutolea mzigo. Mwanzoni nilidhani ni viraka. Yeye alisema hapana, hapa mvuke uliingia, na hapa ulitoka. Ndani kulikuwa na bomba la kupashia joto, na midomo yake ilitengenezwa upya wakati fulani.

Petroli haipashwi joto ili itoke. Kinachopashwa joto ni kitu kinachoganda. Hapo nikakumbuka Lushoto mwezi wa Julai, chupa ya mafuta ya nazi ikiwa nyeupe kama mshumaa asubuhi, na mama akiitoa juani kabla hajatupaka. Mafuta ya nazi huganda hata nyuzi 20 za joto, sembuse majira ya baridi ya kule, ambako ziwa lenyewe huwa barafu. Na kiwanda kilikuwa cha sabuni!

Tulirudi na tochi usiku ule ule. Baada ya ABLE palikuwa na nafasi ya herufi moja, kisha mduara: O. Kabla yake, ukilowesha chuma kwa maji, ilionekana nguzo ya T. VEGETABLE OIL, mafuta ya mimea. Zaidi ya hayo, onyo la kushika moto lilikuwa kadi iliyobandikwa kwenye kibao chake maalumu na kuondolewa tangi likishasafishwa, wala haikuwa desturi kulipaka kwa stensili mahali pale. Hilo nilikuwa nimelisoma mwezi mmoja kabla. Nililisoma na sikulitumia, kwa kuwa tayari nilikuwa na jibu.

*Mzee wa kiwandani.* Tulimpata mfanyakazi mstaafu wa kiwanda kile. Kwa bahati mbaya niliyemhoji ni mimi, na nilianza kwa kumwonyesha picha ya behewa lilivyo sasa. Akasema ndiyo, analikumbuka, ni lile la kampuni ya petroli. Haikuwezekana, maana jina lile lilipakwa baada ya behewa kuondoka kiwandani. Alikuwa amelizoea akilipita uani kwetu, na kumbukumbu mpya ikawa imekalia ya zamani. Wiki iliyofuata mwenzangu alirudi bila picha, akauliza tu mafuta yalifikaje kiwandani wakati wa baridi. Mzee akaeleza kwa dakika 40: mabehewa meusi, namba nyeupe, mpira wa mvuke uliokuwa ukiunguza mikono, na kungoja nusu siku kabla mzigo haujalainika.

Maamuzi na sababu zake

Bodi ilikuwa na njia tatu. Kurudisha jina la kampuni ya petroli kwa sababu wageni wamelizoea na fedha zipo. Kulipaka behewa lote upya kama lilivyokuwa 1929. Au kulirudisha katika hali ya 1952, mwaka wa tarehe ya mwisho tuliyoisoma.

Ya kwanza ilikataliwa kwa kura, lakini haikuwa kura nyepesi. Watu wazima waliopiga picha za harusi mbele ya herufi zile nyekundu walikuwa ukumbini. Ya pili ilivutia, ila breki na boji za 1929 hazipo tena, na maandishi ya mwaka ule hatukuwa nayo. Tungekuwa tunatunga. Ya tatu ilishinda kwa sababu kila herufi tuliyotaka kuipaka tulikuwa tumeiona kwenye chuma, au kwenye kitabu chenye namba yake.

Uamuzi mwingine ulihusu ubavu wa kushoto. Nilisisitiza usipakwe rangi kabisa. Kuna waliosema utaonekana kama kazi iliyoachwa nusu. Tulikubaliana kuuhifadhi chini ya paa dogo lenye taa ya pembeni, ili mgeni abonyeze kitufe aone herufi zinavyotokea.

Jambo la mwisho lilikuwa vita. Mjumbe mmoja alitaka kibao kitaje Vita vya Pili badala ya vya Kwanza, kwa hoja nzuri: mwaka 1942 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli za mafuta pwani ya mashariki, na mabehewa ya matangi yakabeba mzigo huo kwa reli, hadi kufikia karibu mapipa milioni moja kwa siku mwaka 1943. Hayo ni kweli. Lakini kwa behewa letu hatukuwa na karatasi hata moja ya miaka hiyo, na mabehewa ya mafuta ya mimea nayo yalikuwa na kazi yake. Historia ya vita iliwekwa kwenye ubao mwingine, ukutani, mbali na behewa.

Matokeo

Behewa sasa ni jeusi upande mmoja na vichwani, na lina namba yake. Kibao kinasema: lilijengwa na American Car and Foundry, tangi lilipimwa mara ya kwanza Julai 1929, galoni 8,000, la kukodishwa, lilibeba mafuta ya mimea, boji moja ni ya 1917.

Mfadhili alipunguza mchango wake kwa nusu. Hatukumlaumu, wala sikumficha chochote. Nilimwalika kabla rangi haijapakwa, nikamwonyesha chapa kichwani. Alivua glavu, akapitisha kidole gumba juu ya tarakimu, 7, kistari, 2, 9, akarudia. Akauliza kama ni kweli hakuna mkono ulioigusa hiyo chapa tangu ifunikwe. Nikamwambia ndivyo tunavyoona. Nusu ya fedha zake ilikwenda kwenye ubao wa wauzaji wa mafuta wa mji, na picha ya babu yake ipo hapo, pembeni ya lori lake.

Uchambuzi

Kilichotusaidia kuliko vyote ni kuacha kuuliza "behewa hili ni la mwaka gani" na kuanza kuuliza kila kiungo kivyake. Tangi 1929, boji moja 1917, breki baada ya 1933, maandishi 1952, midomo ya mvuke baadaye kidogo, rangi ya fedha enzi zetu. Tarehe hizi hazigombani. Kila moja inasimulia siku ambayo behewa liliingia karakanani na kutoka na kitu kipya. Waliotutangulia walipata tarehe moja ya kweli wakaivisha behewa zima.

La pili ni kupima. Utepe wa shilingi chache uliamua kati ya namba mbili, jambo ambalo picha zetu nzuri za usiku zilishindwa. Na vyanzo vilikuwa vya aina tofauti: chuma, kitabu, utepe na mdomo wa mzee. Kama vyote vingekuwa vitabu, kosa la kitabu kimoja lingeweza kuwa limenakiliwa kutoka kingine.

Tulipokosea ni pengi, na kosa la mashine ya kukwangua si kubwa kuliko yote, ingawa ndilo linaloniuma nikipita pale. Kosa kubwa ni ABLE. Tulisoma herufi nne na kukamilisha neno kwa kile tulichotaka kukiona, kisha nikaliandika daftarini bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba herufi saba za mwanzo ni zetu. Siku hizi daftari letu lina kanuni: kilichoonekana huandikwa kwa wino, kinachodhaniwa kwa penseli, na nafasi isiyosomeka huachwa na nukta kwa idadi ya herufi.

Mahojiano ya kwanza na mzee wa kiwandani nayo ni kosa langu. Ningemhoji mwingine kwa namna ile, na asiwepo wa kurudi wiki inayofuata, ningebaki na ushahidi wa shahidi mwaminifu unaounga mkono jambo lisilowahi kutokea.

Na tulichelewa kumwita fundi. Kwa wiki sita nilikuwa nikisoma ubavu wa behewa, wala sikufikiria kulala chini yake tena baada ya kuona boji. Mtu anayejua bomba aliona kwa dakika tano kazi ya lile tangi. Sasa kila kitu cha chuma kinachoingia makumbusho hupitiwa kwanza na mtu aliyewahi kukitengeneza au kukitumia, kabla yangu na vitabu vyangu.

Ukanda ule wa mita 3 ubavuni kulia tumeupaka nyeusi tupu. Maandishi ya upande ule tungeweza kuyanakili kutoka kushoto, na mchoraji alikuwa tayari na stensili mkononi. Lakini pande mbili kuwa karibu sawa si kuwa sawa, na kwa kuwa tuliyafuta wenyewe kabla hatujayasoma, niliomba pale pasiandikwe kitu.